"Hakuwahi kugombana na mtu": kisa cha wasifu wa marehemu, simu iliyofungwa na mdogo mtu aliyenyamaza

Hii sentensi niliiandika mimi. Usiku wa kuamkia mazishi, nachapa kwenye simu macho yamevimba, dada yangu ananitajia vitu vya kuweka mi naweka, na katikati nikatia yangu mwenyewe: "Katika uhai wake hakuwahi kugombana na mtu." Ikasomwa, watu wakatikisa vichwa, na sitadanganya, nilijiona nimeandika kitu kizuri. Imenichukua mwaka na kitu kujua kwamba ndo ilimfunga mdomo mtoto mwingine wa dada. Hiki kisa nakiandika kizima kwa ruhusa ya wenyewe, masharti yao ni kwamba nisiweke majina. Aliyefariki nitamwita Mkubwa, alikuwa na miaka 26. Mdogo wake nitamwita Mdogo, 22. Mi ni mama yao mdogo, nimempita Mkubwa miaka tisa tu, kwa hiyo nusu ya utoto wake nimemlea na nusu nimecheza naye.

Mkubwa alianguka uwanjani, mazoezi ya mpira ya jioni, hakuna aliyemgusa. Alifika hospitali ameshakata roho. Mwili ukafanyiwa uchunguzi na jibu likaja kwamba msuli wa moyo ulikuwa mnene kuliko kawaida, ugonjwa wa kurithi, mtu anaweza kuishi nao miaka na asijue, anakimbia, anabeba mizigo, mpaka siku umeme wa moyo unavurugika na moyo unaacha kusukuma damu. Daktari alituambia sio ugonjwa wa ajabu kama tunavyofikiri, makadirio yanayotumika sana ni kama mtu 1 kati ya 500, na wengi wao wanaishi vizuri tu. Alafu akasema jambo ambalo ndani ya ule msiba nadhani tulilisikia watu wawili tu: wazazi na ndugu wa tumbo moja wapimwe. Isiji, yani ile ya kubandikwa vile vishikizo kifuani, na eko, picha ya moyo. Maana kama mzazi mmoja anao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata.

Dada na shemeji walipima mwezi wa pili. Mdogo akasema atakwenda. Mwezi wa tatu atakwenda. Wa sita, "nitaenda mamdogo, nina mambo mengi." Sisi tukasema kijana anaogopa majibu, ni kawaida. Hapo ndo tulipokosea mara ya kwanza, tulidhani tunajua anaogopa nini.

Sasa njoo kwenye simu. Simu ya Mkubwa ilirudi na nguo zake, ina namba ya siri, na dada alikuwa anaitaka kama mtu mwenye kiu, kwa sababu humo kuna video, kuna sauti, kuna picha alizokuwa anapiga hovyo hovyo. Wakampelekea fundi, fundi akasema kuifungua inafunguka lakini kwa kuiflashi, na ukiiflashi kila kitu kinafutika. Kwa hiyo wakaja kwa Mdogo, maana hao wawili walilala chumba kimoja mpaka wamekuwa watu wazima, kama kuna mtu anajua ile namba ni yeye. Akasema hajui. Dada akamuuliza tena, hajui. Mara ya tatu akaondoka nyumbani siku mbili.

Mi namba ya siri ya mume wangu naijua bila kuambiwa, kwa kumwangalia tu kidole, so nilijua anadanganya. Nilichofikiri ni kwamba kuna siri ya Mkubwa anaificha, labda mambo ya wanawake, labda kamari. Tena nikaona anamsitiri kaka yake, nikamheshimu. Kosa la pili.

Katikati ya hayo likatokea lile la WhatsApp, ambalo naliweka hapa kwa sababu wengi wanakutana nalo na hakuna aliyewaonya. Akaunti ya WhatsApp ikikaa kama siku 120 bila kuunganishwa kwenye mtandao kwa kawaida inafutwa. Simu ya Mkubwa ilikuwa imezimwa tangu ile wiki. Mwezi wa nne umepita kidogo, asubuhi dada anafungua grupu la familia anakuta maandishi madogo ya kijivu kwamba mwanae ametoka kwenye grupu. Alinipigia anapiga kelele nikajua kuna msiba wa pili. "Ametoka! Kwa nini ametoka?" Picha yake kwenye profaili nayo haipo. Nilimweleza kuhusu siku 120 na nikajisikia mjinga, nani anaeleza kanuni za kampuni kwa mtu anayelia vile? Kama umefiwa na kijana na simu yake ipo na inafunguka, iwashe mara moja moja iingie mtandaoni, na laini usiiache ikae bila kutumika, maana ikifungiwa namba anaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Siku unaipigia ili uione tu inaita, anapokea mgeni. Facebook ni tofauti kidogo, kule akaunti inaweza kugeuzwa ya kumbukumbu, na tangu 2015 mtu anaweza kuchagua akiwa hai nani ataisimamia, ila huyo msimamizi hawezi kusoma meseji za ndani. Kijana wa miaka 26 nani anakaa kuchagua hayo.

Baada ya lile grupu dada akawa mkali kwa Mdogo. Hakusema waziwazi ila alimwona kama anamnyima mwanae. Na huku shemeji, baba yao, alirudi kazini siku ya kumi na jina la Mkubwa hakulitaja tena, ukilitaja anatoka nje kuangalia kama geti limefungwa. Dada akaniambia "huyu mwanaume hana uchungu." Nilimkatalia, na bado nakataa. Kuna watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika 1999 kwamba mtu aliyefiwa anayumba kati ya pande mbili, kuna saa anauingia uchungu wenyewe na kuna saa anaupa mgongo ashughulike na maisha, bili, kazi, geti, na huko kuyumba ndo kunakomvusha. Ubaya ni pale mtu anapogandia upande mmoja. Kwenye nyumba hii waligandia watatu kila mtu pembe yake: mama amegandia kwenye uchungu, baba amegandia kwenye geti, na Mdogo hatukujua yuko wapi. Kila mmoja anamwangalia mwenzie anaona hapendi vya kutosha.

Na hebu niambie, katika miezi ile watu wangapi walimuuliza Mdogo anaendeleaje? Walimuuliza "mama anaendeleaje?" Wakamwambia "sasa we ndo mwanaume umebaki, wasaidie wazazi." Mi mwenyewe nimemwambia hayo maneno. Ndugu wa marehemu anageuzwa mjumbe wa habari za wazazi, kama vile yeye amepoteza jirani. Mmarekani anaitwa Kenneth Doka aliandika mwishoni mwa miaka ya 1980 juu ya majonzi ambayo jamii haiyapi kibali, yani unaumia lakini hakuna kiti chako kwenye msiba. Hapo namkumbuka pia msichana aliyekuwa na Mkubwa, walikuwa hawajatambulishana rasmi kwa hiyo wiki nzima alikaa nyuma na majirani, hakutajwa hata kwenye wasifu. Na wasifu aliandika nani? Tuendelee.

Mwaka ulipotimia tulikaa kama familia, watu kama ishirini hivi, tumkumbuke. Mtu mmoja akaona ni vizuri wasifu usomwe tena. Ukasomwa. Ilipofika "hakuwahi kugombana na mtu" Mdogo akacheka. Sio tabasamu, ni kicheko cha sauti, ha! moja kavu, alafu akasimama akatoka. Kimya. Dada akaanza kulia. Anko mmoja, msomi wetu, akasema tumwache, hiyo ni hatua ya hasira kwenye zile hatua tano za majonzi, itapita.

Nisimame kidogo kwenye hizi hatua tano maana zimeshatuchosha. Elisabeth Kübler-Ross alizitoa 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe, namna wanavyoipokea habari ya kifo chao. Baadaye ndo zikabebwa zikavalishwa waliofiwa, kama vituo vya basi, hasira halafu kinafuata kile. Watu hawaendi hivyo. Na kumwambia mtu "uko hatua ya hasira" ni njia nzuri sana ya kutokumuuliza umekasirikia nini.

Nilimfuata nje. Amekaa kwenye ngazi za nyuma.

"Mamdogo, ile sentensi nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi mi sio mtu."

Nikakaa. Sikuelewa mara moja, nikasema hapana baba, una maana gani. Akasema imeandikwa hakuwahi kugombana na mtu, na mi amekufa tumegombana, siku 19 hatuongei, kwa hiyo kati yangu na karatasi yako kuna mmoja hayupo.

Ikatoka yote. Mkubwa alikuwa amemkopa hela, sio nyingi kwa mtu mwenye kazi lakini kwa Mdogo ilikuwa akiba yake yote, na kila akidai anapigwa chenga, leo kesho, mara anatumiwa vichekesho badala ya hela. Mwisho akamtumia meseji. Ilikuwa meseji ya kawaida kwa sababu bando lilikuwa limeisha, na anaikumbuka neno kwa neno: "Usinitafute mpaka uwe na hela yangu mkononi." Na Mkubwa hakumtafuta. Siku ya 19 akaanguka. Kwenye simu yake Mdogo aliifuta usiku uleule wa msiba, lakini kwenye simu ya kaka yake ipo. Ndo maana namba ya siri hakuitoa. Hakuwa anaficha siri ya marehemu. Alikuwa anajificha yeye.

Na kile kipimo cha moyo? Nilimuuliza. Akasema, akiangalia chini, "Kama na mi ninao basi sawa tu." Akaongeza bora angekufa yeye, yule ndo alikuwa anapendwa. Hapo nilitetemeka lakini nikamuuliza kwa maneno yake kamili, unafikiria kujiua? Watu wengi wanaogopa hilo swali wanadhani utamtia mtu wazo, sivyo, kumuuliza mtu moja kwa moja hakumpandikizii, mara nyingi kunampa nafasi ya kushusha mzigo. Akasema hapana, ila kuna usiku analala anaona hata asipoamka ni sawa. Hilo sio la kusema "usiseme hivyo" na kuondoka. Usiku ule nililala pale, nikamwomba ruhusa nimwambie baba yake, na wiki hiyohiyo akaanza kumwona mshauri nasaha. Namshukuru shemeji kwa kitu kimoja, hakuuliza maswali, alichukua funguo za gari akasema "saa ngapi tunaenda."

Sasa uchambuzi wenyewe, ninavyouona mimi. Ile sentensi haikuwa uongo wa kumdhuru mtu. Marehemu kijana anatuvuta kumtakatisha kuliko marehemu mzee, kwa sababu mzee ana matendo ya miaka sabini ya kusoma, kijana wa 26 hana orodha ndefu, bado alikuwa anaanza, kwa hiyo tunajaza kwa sifa. Alikuwa mpole, alikuwa nuru, hakugombana na mtu. Tatizo ni kwamba ukishamgeuza malaika, kila aliyekuwa na biashara ya kibinadamu naye, aliyemdai, aliyemnunia, aliyemwonea wivu, anakosa mlango wa kuingilia kwenye msiba. Na ndugu waliolala chumba kimoja uhusiano wao si ni huohuo? Wanagombania chaja, wanagombania kitanda, wananuniana na kununiana kunaisha kwa mmoja kumpiga mwenzie teke akapita. Siku 19 kwa hao wawili ilikuwa katikati ya ugomvi tu, sio mwisho wake. Kifo kimekata filamu katikati halafu mi nikaja kutangaza kwamba filamu yenyewe haikuwepo.

Kama kilichomkata ulimi Mdogo kingekuwa hatia peke yake labda angesema mwezi wa pili. Hatia ilikutana na karatasi iliyosomwa mbele ya watu, na kila mtu akaipokea. Angesema nini, kwamba mamdogo ni mwongo? Alinyamaza, na ule unyamavu sisi tukautafsiri mara tatu, tunakosea mara tatu: anaogopa majibu, anaficha siri ya kaka, yuko hatua ya hasira.

Juu ya dada niseme kidogo tu. Watu walishaanza kunong'ona kwamba amezidisha, mwaka mzima bado analia. Ni kweli kwamba siku hizi majonzi yanayong'ang'ania yanatambulika kitabibu, ICD-11, yani orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inaangalia kuanzia miezi sita na Wamarekani kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili wa 2022 wanaangalia kuanzia mwaka kwa mtu mzima, lakini haipimwi kwa machozi, inaangaliwa kama ule uchungu na ile hamu ya marehemu vinamtawala karibu kila siku kiasi cha kushindwa kuishi maisha yake. Dada alikuwa anafanya kazi, anaoga, anacheka na mjukuu wa jirani. Alikuwa analia kwa sababu mwanae amekufa.

Simu ilifunguliwa wiki tatu baada ya kile kikao. Hakuna aliyemlazimisha, Mdogo alisema mwenyewe nataka niifungue mbele yenu, tukiwa wanne, mama, baba, mimi na yeye. Akabonyeza tarakimu sita bila hata kufikiria. WhatsApp ikadai ithibitishwe upya tukaiacha. Akaenda kwenye meseji moja kwa moja akampa mama yake asome. Kulikuwa hakuna jibu chini yake, nasema hivi kwa sababu najua mtu anayesoma anatamani kuwe na jibu, hakukuwa na jibu. Ila dada hakusoma meseji kwanza. Alisoma jina lililo juu yake. Mkubwa alikuwa amemsevu mdogo wake "Kausha Damu", kama ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "Kausha Damu! Huyu mtoto jamani!" Shemeji naye, yule wa geti, akaanza kusimulia jinsi Mkubwa alivyomkopa yeye pia, na jinsi alivyokuwa anakopa tangu yuko darasa la nne, na akalitaja jina lake kamili, mara ya kwanza tangu siku ya kumi. Tukajikuta saa mbili tunahesabu madeni ya marehemu. Mi mwenyewe nilikuwa namdai. Na msichana wake, tulimpigia tukamuuliza kama na yeye anamdai, akasema "mnaanza na mimi au na wenzangu?"

Mwezi uliofuata nilimsindikiza Mdogo kupima. Isiji, alafu eko, amelala ubavu gizani mashine inanguruma. Alimuuliza daktari swali nililolijua lipo, kama mtu anaweza kuharibika moyo kwa kuudhiwa. Daktari akamjibu msuli haunenepi kwa siku 19, ule ulikuwa hivyo kwa miaka mingi kabla hujamkopesha. Majibu yake yeye yalikuwa safi, ila ametakiwa arudi baada ya miaka michache kwa sababu huu ugonjwa unaweza kujitokeza baadaye. Ameweka tarehe kwenye simu.

Wasifu tumeuandika upya, sio wa kusomwa, uko kwenye faili la dada tu. Ile sentensi Mdogo aliifuta kwa mkono wake akaandika: "Alikuwa mgumu kulipa na mwepesi kuchekesha, na ukimkasirikia ilikuwa kazi kubaki umekasirika." Msichana wake yumo, kwa jina.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Shemeji alimwita Mdogo akamwambia ile hela ya kaka yako nitakulipa mimi, niambie ni kiasi gani tuifunge hii habari. Mdogo akakataa. Baba mtu akasisitiza, deni la mtoto ni deni la baba. Akakataa tena, anacheka safari hii.

"Baba hilo liache. Namdai mwenyewe."